Baba anasikia mahari, mama anasikia mtoto

Mtoto alikuwa na wiki tano, na kila alipolia usiku baba yake alimchukua, akamlaza begani na kumwimbia Malaika. Mtoto alinyamaza. Mama naye aliinuka kitandani bila neno, akaenda kukaa jikoni gizani mpaka wimbo uishe.

Hali iliendelea hivyo kwa siku kadhaa. Baba akahitimisha kwamba mkewe anakerwa na sauti yake, maana si mwimbaji, na yeye mwenyewe analikubali hilo. Akaacha kuimba. Baadaye akaacha na kuamka. Wanandoa hawa wanaishi Tanga, na mambo kama haya hutokea katika nyumba nyingi: mtu mmoja anakasirika, mwingine hajui kosa lake, na mtoto analia katikati.

Malaika ni wimbo wa kijana anayempenda msichana lakini hana mali ya kumwolea. Mtunzi wake bado anabishaniwa, ila rekodi ya Fadhili William wa Kenya ya mwanzoni mwa miaka ya 1960 ndiyo iliyoutangaza, kisha Miriam Makeba na hata kundi la Boney M wakaupeleka kwa watu wasiojua Kiswahili kabisa. Bibi wengi huuimba kubembelezea wajukuu, na hakuna anayewauliza mahari inaingiaje kwenye usingizi wa mtoto.

Kwa baba huyu, mahari ndiyo hasa wimbo wenyewe. Aliitafuta kwa miaka miwili, akibeba mizigo sokoni mchana na kulinda duka usiku. Siku ya harusi aliomba upigwe Malaika, watu wakacheka kwa sababu walijua alikotoka. Tangu hapo huupiga mluzi kila asubuhi akifunga viatu.

Lakini mama anausikia kuanzia kwenye jina lake tu. Kabla ya mtoto huyu kulikuwa na mwingine, aliyeishi siku nne. Alitoka hospitali akiwa na maziwa yamejaa kifuani na kanga iliyokunjwa mkononi. Nyumbani kila aliyekuja kumpa pole alimwambia asilie, yule sasa ni malaika. Walisema kwa nia njema, na wapo ambao imani hiyo huwafariji kweli. Yeye ilimfunga mdomo. Utamlilia vipi malaika? Miaka mitatu baadaye, neno hilo likiimbwa chumbani usiku na kichanga mwingine begani, malaika ya mwilini yalimsimama. (Kiswahili nacho kina mambo yake: vinyweleo pia ni malaika.)

Aliyeligundua hilo ni muuguzi wa kliniki. Mama alikwenda kumpima mtoto uzito, uzito ukawa mzuri, lakini muuguzi akamtazama mama mwenyewe na kumuuliza analalaje. Swali hilo linapaswa kuulizwa mara nyingi zaidi. Machozi ya siku za kwanza baada ya kujifungua ni ya kawaida na kwa wengi hupita ndani ya wiki mbili. Yakizidi hapo, au mama akikosa usingizi hata mtoto akiwa amelala, au akiogopa kumzoea mtoto, aende kituo cha afya bila kusubiri siku ya chanjo. Aliyewahi kufiwa na kichanga aangaliwe kwa karibu zaidi, kwani furaha ya mtoto mpya haifuti msiba wa wa kwanza.

Baba aliitwa kliniki wiki iliyofuata. Mkewe alipomaliza kueleza, alikaa kimya muda mrefu, kisha akasema kwamba baada ya kumzika yule mtoto wimbo ule ndio kitu pekee cha furaha kilichobaki kutoka siku za nyuma. Naye hakuwa amelia mbele ya mtu. Hakuna aliyemwendea kumpa pole yake. Wote walimuuliza mama anaendeleaje.

Mama sasa anaonana na mshauri kila baada ya wiki mbili, na mara nyingine wanakwenda wote wawili. Usiku baba ameanza kuamka tena, ila anaimba tangazo la sabuni la redioni, ambalo wote wanakubaliana halina maana yoyote.

Tatizo ni mtoto. Kichanga huweza kutambua wimbo aliousikia mara kwa mara katika miezi ya mwisho akiwa tumboni, na huyu alisikia mluzi ule kila asubuhi. Zipo siku sabuni haimtulizi kabisa. Hapo baba humfunika vizuri, akatoka naye barazani, akafunga mlango nyuma yake na kuuimba polepole.