Sehemu ya 6: "Mtandao hakuna, rudi kesho"

Mama zangu, leo nina ugomvi. Umetoka Kilambo na mtoto mgongoni, nauli ya bodaboda imeshatoka, unafika kliniki unaambiwa, "Mtandao hakuna, rudi kesho." Kesho ipi?

Kumbukumbu za mtoto zinaweza kukaa sehemu tatu. Wingu ni kompyuta kubwa za mbali, Dar au ng'ambo kabisa. Ukungu ni kompyuta ya kati, tuseme pale wilayani. Ukingo ni palepale kliniki, ndani ya kishikwambi cha nesi.

Wingu lina uzuri wake, sikatai. Ukihamia Mbagala, chanjo alizopata Mtwara zinaonekana. Lakini tarehe 12 Mei 2024 nyaya za EASSy na Seacom zilikatika chini ya bahari huko kusini, kati ya Msumbiji na Afrika Kusini, intaneti ikayumba nchi nzima. Sasa surua nayo isubiri fundi wa baharini?

Angalieni friji ya chanjo. Joto linatakiwa nyuzi 2 mpaka 8. Kile kidude cha ndani kinapima chenyewe, kinatunza rekodi, mambo yakiharibika kinaonyesha alama ya hatari. Hakiulizi Dar. Kwa nini rekodi ya mtoto iulize?

Tena sisi wa Mtwara ndiyo tusidanganywe kabisa. Gesi ya Msimbati inafua umeme hapahapa, nyingine ndiyo inapita Madimba kuingia bomba la Dar. Hakuna aliyesema iende yote halafu tuombe iturudie!

Wapo wanaosema kompyuta ya wilayani inatosha. Kwa ripoti na kuagiza chanjo, sawa. Ila zahanati ya kijijini bado itahitaji mtandao kuifikia, kwa hiyo mama yuko palepale kwenye benchi.

Kishikwambi kikiibwa je? Kiwekewe nywila, na mtandao ukirudi nakala ipande juu. Basi.

Nyie mnaotuletea mifumo, kabla ya kusaini zimeni data hapo mezani. Mtoto anasajiliwa? Hasajiliwi? Rudisheni.

Na wewe mama, ukiambiwa urudi kesho, toa kadi ya kliniki. Omba mtoto achanjwe, tarehe iandikwe kwa kalamu, kwenye mfumo wataingiza baadaye. Kalamu haili bando.

Sehemu ya 7 Jumatano: kadi ikiloa au ikipotea, unaanzia wapi.