Pompi mbili, fili moja

Ndugu zetu wa shimo wanajua jambo hili kutupita sisi. Mukifunga pompi mbili za maji ku fili moja ya umeme, hamuna pompi mbili. Fili ikikatika, zote zinasimama, na maji inapanda. Mu 2011 kule Kipushi pompi zilishindwa, maji ikapanda mu shimo, na kazi ya kuitosha ilikamata myaka.

Leo tunataka kusema juu ya pompi za namna ingine, zenye hazionekane.

Mu kampuni moja kwenye tulitumika mu biro ya mashini, kulikuwa ordinatere ya zamani, SPARCstation 20 ya Sun, ile ya Marekani yenye ilitoka mu 1994. Inatembea na Unix, ile yenye wanaita Solaris. Ni kisanduku cha kubeba mu mikono mbili tu. Lakini ndani yake njo mulikuwa kazi yote ya watu: tarehe ya kuingia, nani alishuka chini, nani alibakia juu, batoto wangapi wameandikwa. Mzee akienda ku pansioni, ni mule walitafuta jina yake. Wale wa départ volontaire ya 2003 ku Gécamines, watu zaidi ya 10 000, hawana lazima tuwafasirie uzito wa mwaka moja ku karatasi.

Mashini ile ilikuwa na diski mbili. Kila jina iliandikwa pande zote mbili kwa mara moja. Wakubwa walifurahi, na sisi pia, tunakubali, tulilala usingizi muzuri. Kumbe diski zote mbili zilikuwa ku fili moja, chini ya kontrolere moja, ile ya tangu fabriki. Kontrolere njo kapita wa diski: diski haisemi na mashini kama haipite kwake. Siku moja kapita akafa. Diski zilikuwa nzima, zote mbili, lakini hakuna mwenye kuziita.

Mu majuma ile, mama mumoja mujane alikuja ku dirisha yetu kutoka Likasi. Tulimuambia: "Mama, mashini ingali na ugonjwa, mukuje juma ingine." Alirudia. Mara ya tatu akatuuliza, bila kasirani: "Bwana yangu alitumika myaka makumi mbili na sita. Sasa ni mashini njo itasema kama alitumika?" Hatukuwa na jibu.

Yenye ilituokoa ilikuwa karte moja ya SCSI, tuliitosha mu mashini ingine yenye ilikuwa imekufa. SPARCstation 20 iko na nafasi ine za kutia karte kama ile, SBus njo jina yake. Tukaitia, tukapitisha diski ku fili ya karte, tukarekebisha majina mu /etc/vfstab, na kila kitu kikafunguka. Mama alipata mukanda wake juma la ine. Tarehe za bwana yake zilikuwa pale pale, hata moja haikupotea. Ni hii inatuuma mpaka leo: karte ile ingeweza kuingia mbele ya kifo, haiko kisha.

Namna ya kufanya haiko uchawi. Mbele ya kuzima, andikeni ku karatasi namba zenye mashini inaonyesha ikiamka, adrese ya reseau na host ID, ju pile yao iko imefungwa ndani ya chipi, na mashini za umri ule zinaweza kusahau jina yao wenyewe. Kisha karte inaingia, na diski ya pili inahama ku fili ya karte. Fili ya SCSI ya zamani iko na namba 8, toka 0 mpaka 7. Kontrolere kwa kawaida anakamata 7, na diski mbili za fili moja zisikamate namba moja. Ncha zote mbili za fili zifungwe na termineta. Mukisahau, mashini itaona diski leo, kesho haitaiona, na mutaanza kushitaki jirani kama ni mulozi.

Kisha, pale mashini inaandika "ok", andikeni probe-scsi-all: inahesabu vyenye inaona ku kila kontrolere. Halafu boot -r, Unix itafute vyombo vipya. Sasa tazameni majina. c0t3d0 na c0t1d0, zote c0, ni pompi mbili ku fili moja. c0t3d0 na c1t0d0, hapo kuko bakapita babili.

Hatutadanganya watu: haiishe pale. Programu ya kopi, DiskSuite, inachunga daftari zake ndogo ku diski, na ikikosa zaidi ya nusu yao haikubali kuamka peke yake. Upande moja ukifa, inabakia nusu kamili, basi mutu mwenye kujua anapashwa kuwa karibu. Na kama karani amefuta jina kwa makosa, imefutwa pande zote mbili saa ile ile. Kaseti ya kila Ijumaa inabakia lazima, na ichungwe mu nyumba ingine.

Bavijana wa biro watatucheka: "Bapapa, munununue mashini mupya!" Ndiyo, inunuliwe. Lakini kuhamisha majina ya maelfu ya watu kunaomba miezi, na ile miezi yote mashini ya zamani njo inabeba mukate ya familia. Karte ya okazio haifike hata bei ya tairi ya kamio. Na ile mupya, tuliona nazo: diski mbili zenye kungaa, kontrolere moja.

Basi badelege wa sandika, mu kikao chenye kinakuja na direksio, kisha posho na viatu, mutie ulizo moja zaidi: majina yetu iko ku kontrolere ngapi? Muombe waandike jibu, na waonyeshe ile c0 na c1 ku ekra.