Cheti Kilichofungiwa Kabatini Hakilipi Deni

Vyuo vikuu vyetu hufungua Agosti na Septemba. Kwa mfugaji wa Kajiado hakuna miezi mibaya kuliko hiyo ya kuuza mnyama. Mvua za masika zimekwisha tangu Mei, za vuli bado, ng'ombe wamekonda, na karibu kila mzee aliye mnadani ana mtoto wa kulipiwa. Dalali anayajua yote hayo. Nilimsikia mmoja pale Bissil akimwambia baba, "Mzee, karo haingoji. Pokea hii." Baba alipokea, kwa kuwa karo kweli haikungoja.

Mimi ni mwalimu wa sekondari hapa Kitengela, na shahada yangu ililipwa kwa maksai. Nasikia mara nyingi, hata kwenye vyumba vya walimu, kwamba kijana wa Kimaasai huacha chuo kwa sababu kwao hawathamini masomo. Zizi la baba lingekuwa limejaa leo kama asingeyathamini.

Wanaosema hivyo hawamjui Molonket ole Sempele. Mwaka 1909 Mmaasai huyo aliuza ng'ombe wake akapata nauli ya kwenda Marekani. Alisoma Boydton, katika jimbo la Virginia, kwenye taasisi iliyofunguliwa kwa ajili ya watu weusi baada ya utumwa kukomeshwa. Alirudi 1912, akawa miongoni mwa wasomi wachache waliosimama na wazee katika kesi ya 1913, Wamaasai walipoishtaki serikali ya kikoloni kwa kuwahamisha kutoka Laikipia. Kesi ilitupwa, ila nguvu ya kuifikisha mahakamani ilitokana kwa sehemu na elimu iliyonunuliwa kwa mifugo. Mkenya mwingine, Mbiyu Koinange, alipokwenda Hampton mwaka 1927, chuo kingine cha watu weusi huko huko Virginia, ole Sempele alikuwa ameshakwenda na kurudi zamani. Hata ndege ya kwanza ya mwanasiasa Tom Mboya iliyowapeleka wanafunzi 81 Marekani mwaka 1959 haikutosha peke yake. Jamaa na majirani walichanga ili vijana wao wapate nguo na fedha za mkononi.

Kwa hiyo kuuza na kuchanga hatukuanza jana. Ole Sempele aliuza ng'ombe ili aondoke. Sisi tunauza ili mtoto asirudishwe nyumbani katikati ya muhula, na siku hizi cha kuuza kinatuishia. Kuanzia mwisho wa 2020 hadi 2022 mvua zilikosekana misimu mitano mfululizo, na Kenya ikapoteza mifugo zaidi ya milioni mbili. Kajiado tuliburuta mizoga mpaka tukachoka kuiburuta. Aliyebaki bila ng'ombe aliuza shamba. Ukitoka Kitengela kuelekea Isinya kwa barabara ya Namanga, utaona ploti nyingi zilizozungushiwa ukuta wa mawe. Nafahamu zaidi ya moja iliyokuwa malisho, na fedha zake zikaishia katika akaunti ya chuo kikuu.

Serikali nayo imetuongezea kizunguzungu. Zamani mwanafunzi aliyepelekwa chuoni na serikali alilipa karo ya shilingi 16,000 kwa mwaka. Mei 2023 ukaja mfumo mpya unaowapanga wanafunzi katika makundi kwa kupima uwezo wa familia. Desemba 2024 Mahakama Kuu ikaamua kwamba mfumo huo unakiuka Katiba, kisha Mahakama ya Rufaa ikausimamisha uamuzi huo. Mzazi aliye Mashuuru, anayetegemea simu ya jirani kupata habari, apange vipi mnyama gani auzwe lini?

Basari za kaunti na za NG-CDF, mfuko wa maeneo bunge, zimewasomesha wengi, na nimewajazia wanafunzi wangu fomu hizo kwa mikono yangu. Tatizo ni jinsi zinavyotolewa. Unaomba upya kila mwaka. Unatafuta barua ya chifu na muhuri wa kanisa au msikiti, unaacha nakala, unangoja. Hundi inafika mitihani imeshafanywa, na mwanafunzi aliyekuwa ameahidiwa hizo fedha ameshazuiwa mlangoni kwa kukosa kadi ya mtihani. Anaambiwa aahirishe mwaka. Akiahirisha mara moja harudi kirahisi, hasa msichana, maana nyumbani kuna mipango mingine inayomngoja.

Hata akivumilia hadi mwisho, kuna ukuta mmoja zaidi. Mimi nilifanya mitihani yangu yote nikapita, lakini jina langu halikuwa kwenye orodha ya wanaohitimu kwa sababu ya salio la karo. Bila cheti, TSC, tume inayoajiri walimu, haikusajili, na bila usajili hupati kazi ya serikali. Nikafundisha katika shule ya binafsi kwa mshahara wa mtu asiyesoma, na kwa mshahara huo huo nikatakiwa kumaliza deni. Yeyo, mama yangu, aliuza maziwa na shanga mjini Kajiado mpaka salio likaisha. Hakuna aliyefaidika kwa kucheleweshwa kwangu, hata chuo chenyewe, kwa kuwa ningelilipa deni hilo mapema zaidi kama ningekuwa nimeajiriwa.

Dawa tunayo tayari. HELB, bodi ya mikopo ya elimu ya juu iliyoundwa kwa sheria ya 1995, humkopesha mwanafunzi kwa riba ya asilimia nne na kumkata akishaanza kazi. Salio la chuo lilipwe kwa njia hiyo hiyo. Mhitimu atie sahihi mkataba, apewe cheti chake, akatwe kwenye mshahara.

Gavana wetu na wawakilishi wa wadi, katika bajeti ijayo acheni kugawa basari vipande vidogo vidogo kila mwaka ili kila kijiji kipate picha ya hundi. Mkimchukua mwanafunzi, mchukueni hadi amalize, na fedha zifike chuoni kabla ya usajili wa Septemba. Na nyinyi mnaokaa kwenye maseneti ya vyuo, fungueni makabati. Vyeti vilivyomo ni vya watu waliopita mitihani yenu.