Mtihani Ukiisha, Mtoto wa Voi Afundishwe Nini?

Miongoni mwa masuala yanayojadiliwa kwa nadra mno katika taaluma ya ufundishaji wa Kiswahili ni yale majuma ya mwisho wa mwaka katika shule za msingi. Mitaala huchambuliwa, vitabu vya kiada huhakikiwa, matokeo ya mitihani hutangazwa na kulaumiwa. Lakini kipindi kilicho baina ya karatasi ya mwisho ya mtihani na siku ya kufunga shule huachwa kana kwamba hakimo katika kalenda. Makala haya yanadai kwamba kwa watoto wa Gredi ya 1 hadi ya 3, kipindi hicho ndicho kinachofaa zaidi kukuzia stadi za kusikiliza na kuzungumza, na kwamba katika Kaunti ya Taita Taveta kukipoteza ni kupoteza lugha.

Hali ilivyo inafahamika. Katika kalenda za miaka ya karibuni muhula wa tatu umekuwa wa majuma tisa hivi, nao hufungwa mwishoni mwa Oktoba. Karatasi zikishakusanywa, walimu hujifungia katika majilisi kusahihisha na kujaza ripoti. Watoto nao hufagia, hung'oa nyasi, huhesabiwa vitabu walivyoazimwa, kisha hukaa wakingoja. Si uvivu wa mwalimu. Mwenye darasa la watoto hamsini au zaidi hana budi kuchagua baina ya kufundisha na kujaza fomu, na fomu ndizo zinazodaiwa na wakubwa wake. Hata hivyo, mtoto wa miaka saba hajui habari za fomu. Anachojifunza ni kwamba elimu hukoma pale kalamu inapowekwa chini.

Mtaala wa Umilisi, ulioanza kutekelezwa kote nchini mwaka 2019 kwa madarasa ya chini, ulinuia kulirekebisha jambo hili. Mtihani wa KCPE ulifanywa kwa mara ya mwisho mwaka 2023, na badala ya nambari darasani, mtoto huelezwa kwa viwango vinne, kuanzia aliyezidisha matarajio hadi aliye mbali nayo. Kusikiliza na kuzungumza kumewekwa mwanzoni kabisa katika silabasi ya Kiswahili. Lakini mazoea hayafi kwa waraka. Zipo shule zinazoendelea kununua mitihani iliyochapishwa na kampuni za mijini, na wapo wazazi ambao swali lao la kwanza siku ya kufunga ni lile lile la zamani: amekuwa wa ngapi? Karatasi ya kununuliwa haiwezi kupima kama mtoto anaweza kusimulia kisa kikaeleweka, akajua pa kupaza sauti na pa kunyamaza. Jambo hilo hupimwa kwa sikio, na sikio huhitaji wakati. Wakati wenyewe ndio huo unaotumiwa kung'oa nyasi.

Kwa nini Taita Taveta? Ripoti ya Gachathi ya mwaka 1976 ilipendekeza mtoto afundishwe kwa lugha ya eneo lake katika miaka mitatu ya mwanzo. Mjini Voi lugha hiyo ni Kiswahili bila ubishi. Mji huu uliokuzwa na reli tangu mwishoni mwa karne ya 19 umekusanya Wataita, Wakamba, Waswahili, Wasomali, Waluo na wengine wengi, na uwanjani watoto wao wote huchezea Kiswahili. Lakini mlima wa Sagalla, unaoonekana kutoka mjini, una Kisagalla chake. Kasigau wana namna yao ya kusema, Wundanyi na vilima vyake ni Kidawida, na Taveta kuna Kitaveta. Katiba ya mwaka 2010, kifungu cha 7, inaiagiza Serikali ikuze na kulinda lugha za Wakenya, na mtaala una nafasi ya lugha za asili katika madarasa ya chini. Tatizo ni kwamba vitabu ni haba, na pasipo na vitabu kipindi huchukuliwa na hisabati.

Majuma ya mwisho wa mwaka hayahitaji kitabu. Yanahitaji mtoto aende nyumbani akamwulize nyanya yake kisa kimoja au kitendawili kimoja, kisha arudi nacho darasani. Siku ya kwanza akitoe kwa lugha ya nyumbani. Siku ya pili akitoe kwa Kiswahili. Hapo darasa litaanza kufanya isimu bila kujua. Mtoto ataona kwamba mundu wa Kidawida ndiye mtu wa Kiswahili, na wandu ndio watu, na kwamba lugha hizi mbili ni ndugu. Aliyekuwa akiionea haya lugha ya kijijini ataigundua ndani ya lugha ya taifa. Sarufi ya ngeli, inayowasumbua wanafunzi hadi chuo kikuu, huanza kufahamika kwa njia kama hiyo.

Mada nazo zimejaa tele. Kuna fighi, misitu mitakatifu ya Wadawida ambayo wazee hawakuruhusu ikatwe ovyo. Kuna ngoma ya mwazindika. Kuna kimanga, ambacho kila nyumba hudai ndiyo inayokiponda ipasavyo. Kuna ndovu pia. Hifadhi za Tsavo, zilizotengwa mwaka 1948, zimechukua zaidi ya nusu ya ardhi ya kaunti, na mtoto wa kando ya hifadhi hujua ni asubuhi zipi asitoke mapema kwenda shule. Mtoto huyo ana msamiati wa hofu na wa tahadhari ambao hakuna mtunga mtihani wa Nairobi atakayemwuliza. Akiulizwa na mwalimu wake, atasema.

Nje ya darasa, Voi ina makaburi ya askari wa Vita vya Kwanza vya Dunia, vita vilivyosababisha reli ya kuelekea Taveta ianze kujengwa mwaka 1915, na vilivyofika kwenye kilima cha Salaita mnamo Februari 1916. Matembezi ya asubuhi moja huko, watoto wakisoma majina na kuhesabu safu, ni somo la kusoma, la hesabu na la historia kwa pamoja. Aidha, mwisho wa Oktoba ni wakati wa kungoja vuli. Chupa iliyokatwa mdomo na kutiwa alama kwa rula yatosha kupimia mvua ya kwanza.

Watakuwapo watakaosema kwamba haya ni michezo, na kwamba wazazi hawakulipia michezo. Pingamizi hili lina uzito pale mwalimu anapowaacha watoto bila lengo. Halina uzito anapojua anachosikiliza, yaani matamshi, mpangilio wa matukio, ujasiri wa kusimama. Pingamizi zito zaidi ni la muda: nani atajaza ripoti? Jibu ni kwamba usimulizi wenyewe uingizwe katika ripoti. Mstari mmoja ulioandikwa na mwalimu baada ya kumsikiliza mtoto utamfaa mzazi kuliko tarakimu alizonakili usiku. Kuhusu masomo ya ziada ya likizo, Sheria ya Elimu ya Msingi ya mwaka 2013 imekwisha kuyapiga marufuku. Novemba na Desemba, ambapo mvua hunyesha na familia ziko shambani, ziachiwe nyanya na wajukuu wao.

Imebaki siku yenyewe ya kufunga. Badala ya gwaride la kuwaita watatu bora mbele na kuwaacha arobaini wengine wakipiga makofi, wazazi waalikwe chini ya mti wasikie visa vitano au sita vilivyokusanywa na watoto, kwa Kidawida, Kisagalla au Kitaveta, kisha kwa Kiswahili. Na nyanya aliyeketi kwenye benchi la nyuma, akisikia jina la mti limekosewa, apewe nafasi alisahihishe kabla ripoti hazijagawiwa.