Vyama vya Meru na Embu: Sheria Yavikataza, Wapigakura Wavijua

Agosti 2022 kaunti ya Meru ilikuwa na vyama viwili vilivyoongozwa na wana wake. Kiraitu Murungi, gavana aliyekuwa akitetea kiti, alikuwa na DEP, chama chenye alama ya basi. Peter Munya, gavana aliyemtangulia na wakati huo Waziri wa Kilimo, aliongoza PNU. Juu ya hivyo kulikuwa na UDA, iliyokuwa ikivuma kote Mlima Kenya na iliyomsimamisha Mithika Linturi kuwania ugavana. Wapigakura wakaviruka vyote. Kawira Mwangaza, mgombea huru asiye na chama, alipata kura zaidi ya 209,000. Linturi aliambulia takriban 184,000, na Kiraitu akawa wa tatu kwa 110,000 na ushei.

Yaliyofuata yanajulikana. Hata miezi minne haikuwa imetimia tangu Kawira aapishwe, madiwani walipitisha hoja ya kumbandua. Seneti ikamwokoa. Wakarudia mwaka uliofuata, Seneti ikamwokoa tena. Agosti 2024 walijaribu mara ya tatu na Seneti ikakubaliana nao. Gavana alikimbilia Mahakama Kuu, na Machi 2025 mahakama ikaidhinisha kuondolewa kwake. Naibu wake, Isaac Mutuma, akaapishwa kushika nafasi.

Wengi wamelichambua sakata hilo kwa kuangalia tabia za watu: ukaidi wa gavana, au tamaa ya madiwani. Mimi naona kasoro kubwa zaidi ilikuwa ya mpangilio. Katika bunge la kaunti lenye wanachama 69, gavana hakuwa na chama cha kumkingia kifua. Madiwani nao, ingawa wengi walikuwa na vyama, hawakuwa na kamati yoyote pale Meru yenye uwezo wa kuwaita, kuwasikiliza na kuwaambia basi. Wazee wa Njuri Ncheke walijaribu kupatanisha. Neno la Njuri lina uzito mkubwa kwa Wameru, lakini wazee hawana orodha ya wanachama, hawaandai mchujo, wala hawawezi kumnyima diwani tiketi.

Atatokea mtu aseme Embu ilikuwa na chama na mambo yaliharibika vilevile. Ni kweli. Martin Wambora alichaguliwa 2013 kwa tiketi ya TNA, chama kilichokuwa madarakani, na bado mwanzoni mwa 2014 akawa gavana wa kwanza nchini Kenya kubanduliwa na bunge la kaunti, kabla ya kuhangaika mahakamani hadi akarejea. Lakini TNA ya Embu ilikuwa nini hasa? Ilikuwa rangi na alama kwenye karatasi ya kura. Maamuzi yake yalifanyika Nairobi, na Nairobi haikuwa na haraka ya kutatua ugomvi wa Embu.

Hapa ndipo linapozuka swali ambalo Wakenya wamelikwepa tangu ugatuzi uanze 2013: tulipeleka serikali mashinani, kwa nini hatukupeleka vyama?

Jibu la kisheria liko wazi. Kifungu cha 91 cha Katiba ya 2010 kinataka kila chama kiwe na sura ya kitaifa, na kinakataza chama kuanzishwa kwa misingi ya dini, lugha, kabila au eneo. Sheria ya Vyama vya Siasa ya 2011 ikaweka vipimo: chama kinachotaka usajili kamili sharti kiwe na wanachama wasiopungua 1,000 katika kila moja ya zaidi ya nusu ya kaunti, yaani angalau kaunti 24 kati ya 47, pamoja na ofisi huko. Mantiki yake inaeleweka. Katiba hiyo iliandikwa nchi ikiwa bado na majeraha ya umwagaji damu wa baada ya uchaguzi wa 2007, na waandishi wake waliogopa chama cha kabila kuliko kitu kingine chochote.

Woga huo una mizizi mirefu, na Meru na Embu zimo ndani ya hadithi yake tangu mwanzo. Serikali ya kikoloni ilipokipiga marufuku chama cha KAU mwaka 1953, Waafrika hawakuruhusiwa tena kuwa na chama cha nchi nzima. Kuanzia Juni 1955 waliruhusiwa kuunda vyama vya wilaya tu, ili kila mtu abaki kwenye boma lake. Hata hicho kidogo kilinyimwa Mkoa wa Kati, ambamo Meru na Embu zilikuwamo wakati huo. Huko mtu hakupiga kura bila cheti cha kuthibitisha utiifu wake kwa serikali. Machi 1957, Bernard Mate wa Meru alimshinda Eliud Mathu, Mwafrika wa kwanza kuingia Baraza la Kutunga Sheria, na sababu moja kubwa ni kwamba vyeti hivyo viliwafikia Wameru wengi kuliko Wakikuyu. Kwa hiyo ushindi wa kwanza wa kitaifa wa mwanasiasa wa Meru ulipatikana bila chama chochote nyuma yake, katika uchaguzi uliopangwa kugawanya watu. Mwaka uliofuata Jeremiah Nyagah wa Embu akaingia baraza hilo naye.

Baada ya uhuru, siasa za maeneo haya ziliingia katika matawi ya KANU. Mwaka 1963 Meru na Embu zilihamishiwa Mashariki, na makao makuu ya mkoa yakawekwa mjini Embu. Jackson Angaine, waziri wa ardhi wa Jomo Kenyatta, alilishika tawi la Meru kwa miaka mingi. Mwenyekiti wa tawi la wilaya alikuwa mtu wa kuogopwa: aliweza kumfungulia mwanasiasa mlango au kumfungia. Sitaki kuipamba KANU, iliyowanyima watu uhuru kwa miongo kadhaa na kuwapangisha mlolongo kupiga kura mwaka 1988. Lakini tawi lile lilikuwa na kitu ambacho hakijapatikana tena: mwanakijiji alijua ofisi ya chama iko wapi na nani anaketi ndani yake. Mfumo wa vyama vingi uliporudi mwishoni mwa 1991, tuliyatupa matawi pamoja na udikteta.

Kuanzia hapo mtu akawa chama. Tazama safari ya Kiraitu mwenyewe. Aliingia bungeni 1992 kwa Ford-Kenya. Mwaka 2002 alikuwa Narc, 2007 PNU, 2013 APK, 2017 Jubilee, 2022 DEP. Simlaumu peke yake, kwa kuwa orodha za wenzake wengi zinafanana na yake. Namtaja kwa sababu ndiye aliyekaribia kuliko wote kujenga chama cha Meru na Embu.

APK iliundwa kuelekea uchaguzi wa 2013, wenyeji wakaiita Mbus kwa sababu ya alama yake ya basi. Ilimuunga mkono Uhuru Kenyatta kwa urais bila kukimezea mate kiti hicho, na kwa viti vya chini ikashindana waziwazi na TNA, chama cha Uhuru mwenyewe. Mavuno yake hayakuwa haba: Kiraitu alishinda useneta wa Meru, Munya ugavana wa Meru, na Lenny Kivuti useneta wa Embu. Kwa chama kilichoanza juzi, hayo yalikuwa mafanikio makubwa, na yalionyesha kwamba wapigakura wa eneo hili wanaweza kutofautisha kura ya rais na kura ya kaunti. Kisha Septemba 2016 APK ilivunjwa pamoja na vyama vingine ili kuunda Jubilee. Munya alikataa kuingia humo, akakimbilia PNU. Mwaka 2017 Kiraitu wa Jubilee akamng'oa Munya wa PNU. Mara Jubilee yenyewe ikapasuka, na basi likarudi barabarani kwa jina jipya, DEP. Kivuti, aliyekuwa amepitia Maendeleo Chap Chap 2017, naye akalipanda tena 2022 kuwania ugavana wa Embu, akashindwa na Cecily Mbarire wa UDA kwa pengo dogo.

Kilichoniuma katika hadithi hiyo ni mwaka 2016. Chama kilichokuwa na gavana, maseneta wawili na madiwani kilifutwa ili kutimiza mkakati wa urais. Wajumbe waliidhinisha, sheria ikafuatwa. Lakini mwanachama wa kawaida wa Igembe au Runyenjes hakuwa na kikao chake mwenyewe cha kusema ndiyo au la. Kisichokuwa na wenyewe hufungwa kwa mkutano mmoja.

Sheria ya kaunti 24 haikuzuia lolote kati ya hayo. Haikuzuia DEP kuwa chama cha Meru na Embu kwa kila hali isipokuwa karatasi. Haikuzuia DP, chama alichokianzisha Mwai Kibaki mwaka 1991 na ambacho sasa kinaongozwa na Justin Muturi wa Mbeere, kupata 2022 useneta wa Embu na ubunge wa Mbeere Kaskazini. Geoffrey Ruku alipoacha kiti hicho na kuwa waziri, uchaguzi mdogo wa Novemba 2025 ulikuwa vita kati ya UDA na DP, na UDA ikashinda kwa tofauti isiyofika kura 500. Yaani kote kulikokatazwa chama cha eneo, kipo, na kinakaribia kushinda. Matokeo ya kipimo hicho cha kitaifa nimeyaona kwingine: mwaka 2021 Wakenya wengi walipokagua majina yao mtandaoni walijikuta wameandikishwa katika vyama wasivyowahi kuvijua. Ukimtaka mtu alete wanachama 1,000 mahali asipokuwa na watu, atawatafuta kwenye orodha yoyote.

Kwingineko mambo yamepangwa tofauti. India ina vyama vinavyotambuliwa rasmi kuwa vya jimbo, na DMK imepokezana utawala wa Tamil Nadu na wapinzani wake tangu 1967. Ujerumani ina CSU, inayogombea Bavaria pekee, huku mshirika wake CDU akikaa nje ya jimbo hilo. Nchi hizo zina makabila, dini na lugha za kutosha, na hazijasambaratika kwa sababu ya vyama hivyo.

Hoja ya upande wa pili ni nzito, nami naipima kwa mfano wa muguka, majani ya kutafuna ya jamii ya miraa. Mei 2024 Mombasa ilipiga marufuku biashara ya muguka, Kilifi na Taita Taveta zikafuata. Wakulima wa Mbeere walikuwa wanapoteza riziki. Viongozi wao walikwenda Ikulu, na mahakama ya Embu ikasimamisha marufuku hiyo. UDA haikuweza kuwasemea kwa sauti moja, kwa kuwa ina wapigakura Mombasa pia, wazazi wanaolia kwamba muguka unawaharibia watoto. Chama cha Embu kingewasemea bila kigugumizi. Lakini nani angemlazimisha mkulima wa Mbeere amsikilize mzazi wa Likoni? Chama cha kitaifa kinapofanya kazi yake ndicho mahali pa watu hao wawili kukutana. Siwezi kuipuuza hoja hiyo, na ndiyo maana sipendekezi vyama vya kaunti vipewe kila kitu.

Pendekezo langu ni hili. Viti vya urais na Bunge vibaki kwa vyama vya kitaifa, kwa masharti ya sasa. Viti vya gavana na diwani vifunguliwe kwa vyama vya kaunti. Na woga wa ukabila uhamishiwe mahali unapostahili, yaani ndani ya kaunti yenyewe. Meru ina wadi 45, na mvutano wake mkubwa ni kati ya Waimenti na wenzao wa Tigania na Igembe. Embu ina wadi 20, na kila uchaguzi huuliza kama gavana atoke Embu au Mbeere. Chama cha kaunti kitakiwe kuwa na wanachama halisi katika zaidi ya nusu ya wadi, na kamati yake isitawaliwe na upande mmoja. Wanachama walipe ada, hata ikiwa ndogo. Chama kisivunjwe wala kuunganishwa na kingine bila kura ya wanachama katika wadi zao. Kwa ninavyosoma Katiba, Kifungu cha 91 hakimo katika orodha ya mambo yanayohitaji kura ya maoni, kwa hiyo mabunge mawili yanaweza kukirekebisha kwa thuluthi mbili.

Wapo watakaosema watu wa kijijini hawana uzoefu wa kuendesha chombo kama hicho. Hao hawajakaa katika mikutano ya wakulima wa chai. Kuanzia Michimikuru na Kionyo hadi Mungania na Rukuriri, wakulima huchagua wakurugenzi wa viwanda vyao, huhoji hesabu za bonasi, na wakikerwa huwaondoa. Vyama vya ushirika vya kahawa vina kelele na wizi wao, lakini pia vina rejista ya wanachama na mkutano wa kila mwaka. Mkulima huyohuyo ukimuuliza mwenyekiti wa chama chake cha siasa katika wadi ni nani, atakutajia jina la mtu aliye Nairobi.

Linalobaki gumu ni fedha. Hazina ya Vyama vya Siasa, ambayo kisheria inastahili asilimia 0.3 ya mapato ya serikali ya kitaifa, hugawa asilimia 70 ya fedha zake kwa kuangalia kura, na pesa huishia kwa makao makuu ya vyama vikubwa. Chama cha kaunti kisipopata sehemu ya fungu hilo, kitategemea mfuko wa tajiri mmoja, na tajiri huyo atakuwa na nguvu za kukiuza kama APK ilivyokwenda. Wabunge watakaotakiwa kupitisha mabadiliko hayo ndio haohao wanaonufaika na mgao wa sasa, na kabla ya uchaguzi wa 2027 sioni chama kikubwa chenye sababu ya kuanza mjadala huo. Utapaswa kuanzishwa na mabunge ya kaunti, na la Meru, baada ya yale liliyoyapitia kati ya 2022 na 2025, ndilo lenye haki ya kusema kwanza.