Mhandisi Hafinyangwi Darasani Pekee

Wengi hudhani kwamba mwajiri huvutiwa na jina la chuo. Nionavyo mimi, jina ni tunda tu. Mzizi ni malezi. Tutazame Chuo Kikuu cha Waterloo, nchini Kanada, kilichoanzishwa mwaka 1957. Tangu mwanzo, wanafunzi wake wa uhandisi wamekuwa wakipishanisha masomo na kazi. Siku hizi husoma miezi 4, kisha hufanya kazi ya mshahara miezi 4, hivyo hivyo hadi mwisho. Anayehitimu huwa na tajriba ya takriban miaka 2. Kampuni inayomwajiri haibahatishi, kwani aghalabu imekwisha kumwona akikosea, akirekebishwa na kukomaa. Samaki mkunje angali mbichi.

Hapa kwetu, mwanafunzi hupelekwa kiwandani kwa majuma machache, mara nyingi bila malipo. Nimewaona waliorudi wakiwa wametumwa chai kuliko walivyoshika spana. Kesho yake, tangazo la kazi humdai kijana huyo tajriba ya miaka 3! Je, aitoe wapi? Kampuni zinazolalamika kwamba wahitimu hawajaiva ndizo zinazoshikilia ufunguo wa jikoni. Nazifungue.