Busta ya Mota kwenye Garimoshi la Mvuke ni Uongo

Leo sina programu mpya ya kuwaonyesha. Nina ugomvi.

Tangu niseme kwamba ninajenga garimoshi dogo la mvuke hapa Muhoroni, na kwamba nataka kulitia busta, ushauri ninaopewa ni uleule, tena na wasomi wa kompyuta kama mimi: "Weka mota ndogo ya umeme kwenye magurudumu ya nyuma, ficha betri kwenye tenda, nani atajua?" Mimi nitajua. Na sikubali, nitawaeleza kwa nini.

Kwanza tuelewane busta ni nini. Garimoshi kubwa lina magurudumu yanayosukumwa na pistoni, na nyuma yake, chini ya tanuri, lina mengine yanayobeba uzito tu. Uzito ule hausaidii kuvuta. Treni ikianza kuondoka, magurudumu ya mbele yanaweza kuteleza na kuzunguka bure huku yale ya nyuma yamekaa kama abiria. Wakati huohuo boila ina mvuke wa akiba, kwa sababu silinda zikienda polepole hazili mvuke mwingi. Mmarekani Howard Ingersoll, wa reli ya New York Central, akafunga injini ndogo ya silinda mbili kwenye ekseli ile ya nyuma. Inaingia kwa gia treni inapoondoka, mwendo ukishika inajitoa. Waingereza wa LNER waliifunga kwenye injini zao mbili za P1 mwaka 1925. Wenye seva mnaujua mchezo huu: unawasha mashine ya ziada wakati wa msongamano, ukiisha unaizima.

Kuna wanaosema kwamba sifa ya reli yetu ni Garratt, wala si busta. Kweli kabisa. Zile 34 za daraja la 59, zilizoundwa na Beyer Peacock kule Manchester mwaka 1955 na 1956, zilikuwa na injini mbili chini ya boila moja na uzito wa tani 252 hivi, na mbili kati yake ziko kwenye jumba la makumbusho ya reli Nairobi. Ukitoka Kisumu, hapa Muhoroni ndipo mlima unapokusubiri, Fort Ternan, Londiani, mpaka kilele cha Mau. Busta ingemaliza mvuke kabla ya kufika mbali. Kazi yake ni kuanza safari, siyo kuimaliza, na hilo sibishani nalo.

Sasa hesabu. Garimoshi langu ni la muundo wa 2-8-2, reli ya milimita 127, uzito kilo 60. Magurudumu ya kuendesha yanabeba 40, ya nyuma 10. Chuma juu ya chuma kikavu nakikadiria kishike moja ya tano ya uzito: kwa hiyo mvuto ni kilo 8, na busta ikiongeza magurudumu ya nyuma napata kilo 2 zaidi. Kidogo? Kwenye mwinuko wa mita 1 kwa kila 50, kilo 2 zile zinapandisha karibu mtu mzima mmoja pamoja na kiti chake. Nani anaacha abiria stesheni?

Hesabu ilichukua jioni moja, chuma kimechukua miezi saba. Tatizo kubwa lilikuwa maji. Ukipunguza silinda iwe nusu kwa kila upande, ujazo unapungua mara nane lakini eneo la kuta linapungua mara nne tu. Maana yake kila tone la mvuke linakutana na chuma baridi maradufu, linageuka maji, na maji hayabanwi na pistoni. Fito zangu za kwanza zilipinda mara mbili. Meno ya gia nayo yaligongana badala ya kuumana, mpaka nikafanya kama walivyofanya wakubwa: kupitisha mvuke kidogo kwanza, injini izunguke polepole, ndipo gia iingie.

Aliyenitoa kwenye tatizo la maji hana digrii. Ni mzee mmoja mstaafu wa kazi ya boila, maisha yake yote ameyamaliza kwenye viwanda vya sukari vya ukanda huu. Alitazama kazi yangu akaniuliza, "Kijana wangu, valvu ya kutoa maji iko wapi?" Sikuwa nayo. Kisha akauliza kama boila nimeijaribu kwa maji. Nikamwambia nitaijaza upepo kwa kompresa ya fundi wa matairi. Akasogeza kiti chake hadi nje ya mlango. Boila mpya hujazwa maji na kusukumwa mpaka maradufu ya presha ya kazi, ikishindwa inavuja. Ukitumia upepo, ikishindwa inalipuka.

Hapo ndipo ninapowalaumu wasomi wenzangu. Nimekulia kwenye harufu ya molasi, makapi ya miwa yakichomwa kila msimu kutengeneza mvuke wa kuzungusha mitambo, na nikamaliza chuo bila kujua mvuke ukipoa kwenye silinda unafanya nini. Wazee wanaojua wanazeeka kimya. Sisi tunawapita tukiwaambia mvuke ni historia. Hiyo betri mnayotaka nifiche mnaichaji kwa umeme gani? Chanzo kikubwa kuliko vyote vya umeme wa Kenya ni mvuke wa ardhini, Olkaria na kwingineko.

Jumamosi iliyopita boila yenyewe ilikuwa bado kwa mzee, kwa hiyo niliendesha silinda kwa upepo wa kompresa na kuvuta mizani ya kupimia samaki. Bila busta: kilo 7.8. Na busta: 9.3. Zimepotea gramu 500 kati ya zile kilo 2, na magurudumu ya nyuma hayakuteleza, yalikwama. Basi kosa ni upepo kuvuja kwenye valvu au gia kukaza mno. Mota ingenificha jambo hilo kwa kuongeza volti tu. Valvu nazifungua kesho, mzee amesema atakuja na miwani yake.